Gambi ya Malkia: mwanzo wa sataranji uliobebwa na watu waliohama

Mtu aliyezoea mchezo wa dame, ule wa vifuniko vya chupa juu ya ubao uliochorwa kwa mkaa, hawezi kupotea sana mbele ya ubao wa sataranji. Viraba ni vyeusi na vyeupe vilevile, watu wawili wanatazamana vilevile, na watazamaji waliosimama nyuma wanajifanya kujua zaidi ya wachezaji, vilevile. Tofauti ni kwamba katika dame kete zote zinaanza zikiwa sawa, lakini katika sataranji, ambayo waliosoma Kifaransa wanaiita eshek, kila kete ina kazi yake. Kuna mfalme, malkia, minara miwili, farasi wawili, maaskofu wawili, na mbele yao askari wanane wa miguu, ambao kwa Kifaransa huitwa pioni. Ubao una viraba 64.

Jina lenyewe limesafiri. Mchezo ulitoka India, ukaitwa chaturanga, yaani jeshi lenye sehemu nne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi wakauchukua, Waarabu wakaupokea kutoka kwao na kuuita shatranji, na kwa njia hiyo Kiswahili kikapata neno sataranji. Katika mchezo huo wa zamani hapakuwa na malkia. Kando ya mfalme alisimama waziri, tena waziri dhaifu, maana aliruhusiwa kwenda kiraba kimoja tu kwa mshazari. Aliyeitwa tembo na Waarabu aliitwa askofu na Waingereza, na Wafaransa wakamwita mwendawazimu. Kila taifa liliona katika kete ileile kitu cha kwao.

Karibu na mwaka 1475, huko Valencia katika Hispania, sheria zilibadilika. Waziri akawa malkia, na malkia akapewa nguvu ya kuvuka ubao mzima kwa siku moja, mbele, nyuma, pembeni na mshazari. Hiyo ni miaka ileile ambamo Mreno Diogo Cão alifika kwenye mlango wa mto Kongo, mwaka 1482. Mchezo uliokuwa ukienda polepole kama mkokoteni ukapata mwendo wa ghafla. Tangu hapo, hatua za kwanza za mchezo zikawa jambo la kufa na kupona, kwa kuwa mtu aliyelala mwanzoni aliweza kupoteza mfalme kabla hajaamka. Watu wakaanza kuandika vitabu juu ya namna ya kuanza. Mmoja wa maandiko ya kale zaidi, ulioandikwa kwa Kilatini na unaotunzwa katika chuo kikuu cha Göttingen nchini Ujerumani, tayari unaonyesha mwanzo ambao leo unaitwa gambi ya malkia. Kwa hiyo mwanzo huu una umri karibu sawa na malkia mwenyewe.

Unachezwa hivi. Weupe wanaanza kwa kusogeza askari aliye mbele ya malkia hatua mbili. Weusi wanajibu kwa hatua ileile, na askari wawili wanagongana vichwa katikati ya ubao. Hapo Weupe wanamsogeza askari wa pili, jirani wa kushoto wa yule wa kwanza, hatua mbili pia. Askari huyu wa pili hana mlinzi. Amewekwa pale kama kuku aliyefungwa kamba mbele ya mlango, na Weusi wanaweza kumla mara moja. Wachezaji wanaandika hatua hizo kwa herufi na namba: d4, d5, c4. Hizo tatu tu ndizo gambi ya malkia. Mengine yote, maelfu ya kurasa, yanatokana na swali moja: ale au asile?

Neno gambi lilitoka Italia. Gamba ni mguu kwa lugha yao, na gambetto ni kumkata mtu mguu katika mieleka. Padri wa Hispania, Ruy López, ndiye aliyelitia katika vitabu vya sataranji mwaka 1561. Kiswahili kina neno lake zuri kwa jambo hilo, nalo ni ngwala. Anayepiga ngwala anatoa mguu wake mbele, anauweka hatarini, ili mwenzake aukanyage vibaya na kuanguka.

Sasa, ngwala hii ina siri, na siri hiyo ndiyo iliyofanya watu waipende kwa zaidi ya miaka 500. Askari anayetolewa hatolewi kweli. Weusi wakimla na kujaribu kumshikilia, wanaumia. Tuseme Weusi wamekula. Weupe wanasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua moja (e3), na askofu wao sasa anamtazama yule mwizi. Weusi, kwa uchoyo, wanaleta askari mwingine kumlinda (b5). Weupe wanamsogeza askari wa pembeni kabisa hatua mbili (a4) ili kumgonga mlinzi. Weusi wanaongeza mlinzi wa mlinzi (c6). Weupe wanakula pale b5, Weusi wanakula tena. Ndipo malkia mweupe anatoka kwa mshazari na kusimama f3. Njia iko wazi hadi pembeni ya mbali, ambako mnara wa Weusi umesimama bila mtu wa kuukinga. Wakiweka farasi njiani, analiwa farasi. Wakiweka askofu, analiwa askofu. Kwa ajili ya askari mmoja, Weusi wamepoteza kete kubwa.

Mtego huu ni wa zamani sana, na bado unawanasa watu kila siku. Mwenye kuujua hula askari kisha hamshikilii. Humwachia arudi, naye anatumia muda huo kupanga nyumba yake. Hiyo inaitwa gambi iliyokubaliwa, na ni mchezo wa heshima kabisa. Anayekataa kula husogeza askari mwingine kumlinda yule wa katikati, na hiyo inaitwa gambi iliyokataliwa. Ni katika kukataa ndiko historia kubwa ilikopita.

Ila kwanza kuna mtu wa Aleppo.

Phillip Stamma alizaliwa Aleppo, mji wa Siria ambao katika vita vya miaka ya karibuni umetoa maelfu na maelfu ya wakimbizi. Katika miaka ya 1730 yeye alikuwa mbali na kwao, akitafuta maisha Ulaya. Mwaka 1737 alichapisha kitabu mjini Paris chenye mafumbo 100 ya mwisho wa mchezo. Baadaye alipata kazi London, kuwa mkalimani wa lugha za Mashariki katika serikali ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1745 akatoa kitabu kikubwa zaidi kwa Kiingereza, na humo akaisifu gambi ya malkia kuliko mianzo iliyopendwa na Waingereza wa siku zile. Kwa ajili yake, watu wengine waliuita mwanzo huo gambi ya Aleppo. Tena ni yeye aliyeleta Ulaya Magharibi desturi ya kuandika hatua kwa herufi na namba badala ya sentensi ndefu za kueleza kwamba askari wa farasi wa mfalme amekwenda mbele ya nani. Kila mchezaji wa leo anayeandika d4 anatumia njia aliyoifungua Stamma.

Mwaka 1747 alikutana London na kijana Mfaransa, mwanamuziki aliyeitwa Philidor, akashindwa vibaya. Jina la Philidor likapanda, la Stamma likasahauliwa, na ushauri wake juu ya gambi ya malkia ukawekwa kando. Philidor naye hakumaliza vizuri. Mapinduzi ya Ufaransa yalimkuta London, jina lake likaandikwa katika orodha ya waliokimbia nchi, akakatazwa kurudi. Alifia London mwaka 1795 bila kuwaona tena watu wa nyumbani kwake.

Mwanzo huu uliamka tena mwaka 1834, London hapohapo, katika mashindano marefu kati ya Mfaransa La Bourdonnais na Alexander McDonnell wa Belfast. Walicheza michezo 85 kuanzia Juni hadi Oktoba. La Bourdonnais, ambaye inasemekana alizaliwa katika kisiwa cha Réunion kwenye Bahari ya Hindi, alitumia gambi ya malkia mara nyingi, na McDonnell aliendelea kumla yule askari na kuendelea kuteseka. Vitabu vya sataranji hupenda kusimulia mashindano haya kama vita vya mashujaa. Havisemi mara nyingi kwamba McDonnell alikuwa mwajiriwa wa wafanyabiashara wa visiwa vya Karibi, na kwamba aliandika kutetea utumwa wa watu weusi katika mashamba ya miwa. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834, yeye akiwa kwenye ubao. Akili kali juu ya ubao si lazima iende pamoja na moyo mwema. McDonnell alikufa mwaka uliofuata. La Bourdonnais alikufa maskini mwaka 1840. Wamezikwa katika makaburi yaleyale ya Kensal Green.

Hata hivyo karne ya 19 ilipenda zaidi mwanzo mwingine, ule wa askari wa mfalme. Ulikuwa na moto: kete zinatolewa sadaka, mfalme anakimbizwa ubao mzima, watazamaji wanapiga kelele. Ugonjwa wake ni kwamba anayemfungulia mwenzake mlango anajifungulia na wake. Askari wa malkia ni mtu wa tabia nyingine. Tangu anaposogea anasimama chini ya ulinzi wa malkia mwenyewe, aliye nyuma yake. Mfalme anabaki ndani, hana baridi. Shambulio halianzi kwa kishindo, linaanza kwa kumnyima mwenzako nafasi ya kupumua. Ilihitajika kizazi cha watu wenye subira kuliona hilo.

Kizazi hicho kiliongozwa na Wilhelm Steinitz, Myahudi wa Prague aliyehamia London na kisha Marekani. Mwaka 1886 alicheza na Johannes Zukertort mashindano ya kwanza yanayotambuliwa kuwa ya ubingwa wa dunia, katika miji mitatu: New York, St. Louis na New Orleans. Zukertort aliongoza 4 kwa 1 mwanzoni. Mwishoni Steinitz alishinda 10 kwa 5, na michezo 5 ya sare. Katika mashindano hayo gambi ya malkia ilirudi mezani, mara nyingi mkononi mwa Zukertort, na Steinitz akaonyesha namna ya kuikabili kwa utulivu. Miaka 9 baadaye, mwaka 1895, kijana Mmarekani wa miaka 22 aitwaye Pillsbury alifika Hastings, Uingereza, akawapita mabingwa wote waliokuwepo, na mmoja wa michezo yake iliyosifiwa sana, dhidi ya Mjerumani Tarrasch, ulikuwa gambi iliyokataliwa. Aliweka farasi katikati kama mwiba, akasukuma askari wa pembeni kuelekea kwa mfalme. Kila mtu akataka kucheza hivyo.

Halafu ikaja Buenos Aires.

Mwaka 1927, katika mji mkuu wa Argentina, Capablanca wa Kuba alimkaribisha Alexander Alekhine kugombea ubingwa wa dunia. Capablanca alikuwa mtu aliyeonekana hawezi kushindwa. Alekhine hakuwahi kumshinda hata mara moja. Tena Alekhine hakuwa na kwao. Alizaliwa Moscow katika nyumba ya matajiri. Vita vya 1914 vilimkuta akicheza Mannheim, Ujerumani, wakamkamata. Mapinduzi ya Urusi yakala mali ya familia. Mwaka 1921 akaondoka, akaishia Paris, na ni katika mwaka huohuo wa 1927 alipopata uraia wa Ufaransa.

Walicheza michezo 34, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba. Katika hiyo 34, michezo 32 ilikuwa gambi ya malkia iliyokataliwa. Wiki baada ya wiki, hatua zilezile za kwanza, chumba kilekile, wanaume walewale wawili. Sare 25. Waandishi wa magazeti walichoka kabla wachezaji hawajachoka. Kwa nini hawakubadilisha? Kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba hapo ndipo ukweli wa mchezo ulipo, na anayekimbilia mwanzo mwingine amekiri udhaifu. Mwishoni Alekhine alishinda michezo 6 na kupoteza 3. Mtu asiye na nchi akawa bingwa wa dunia.

Si vema kumpaka asali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa chini ya utawala wa Wajerumani, makala yalichapishwa kwa jina lake yakiwatukana wachezaji wa Kiyahudi. Yeye baadaye alidai maneno yale hayakuwa yake, na wengi hawakumwamini. Alikufa mwaka 1946 katika chumba cha hoteli huko Estoril, Ureno, peke yake, bado akiitwa bingwa. Kuhama hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Ile michezo 32 ilikuwa inahusu nini hasa? Anayekataa gambi kwa njia ya kawaida husogeza askari wa mbele ya mfalme hatua moja (e6), na askari huyo anamfungia ndani askofu wake mwenyewe, yule wa upande wa malkia. Nyumba ya Weusi inakuwa imara lakini ndogo. Kila kitu kimelindwa, ila watu wanagongana viwiko. Weupe wana nafasi, lakini hawana mahali rahisi pa kupenya. Basi kuna mbinu moja ambayo wanaoijua huiona kuwa nzuri kuliko zote. Wanabadilishana askari katikati, kisha upande wa kushoto Weupe wanabaki na askari wawili wanaowatazama askari watatu wa Weusi. Mtu wa kawaida angesema wawili wakae kimya mbele ya watatu. Weupe wanafanya kinyume: wanawasukuma wale wawili mbele. Mmoja anagongana, wanalana, na katika ukuta wa Weusi anabaki askari mmoja asiye na askari mwenzake wa kumlinda. Huyo ndiye atakayezingirwa kwa saa mbili zinazofuata. Wanaliita shambulio la wachache. Halina kelele, na mwenzako anaweza kuelewa kinachomjia na bado asiweze kukizuia.

Wenye nyumba ndogo nao walitafuta dawa, na dawa mbili kubwa zina majina ya watu waliofukuzwa makwao. Ya kwanza ni ya Emanuel Lasker, bingwa wa dunia kwa miaka 27, toka 1894 hadi 1921. Wazo lake ni la mama wa nyumba: chumba kikiwa kidogo, punguza vyombo. Anapeleka farasi katikati na kulazimisha kete zibadilishane, mbili kwa mbili, mpaka Weusi wanapata pa kunyoosha miguu. Lasker alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1933, Hitler alipochukua madaraka, aliondoka na mkewe, na mali yao ikachukuliwa na serikali. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 na hakuwa na kitu, ikabidi arudi kwenye ubao ili apate mkate. Moscow, mwaka 1935, akiwa na miaka 66, alimaliza wa tatu katika mashindano makubwa bila kupoteza hata mchezo mmoja. Alikufa New York mwaka 1941.

Dawa ya pili ni ya Savielly Tartakower. Yeye anamtoa askofu aliyefungiwa kupitia dirisha la nyuma: askari wa pembeni anasogea, na askofu anaingia kwenye pembe akitazama ubao mzima kwa mshazari. Tartakower alizaliwa Rostov, Urusi. Mwaka 1911 wazazi wake waliuawa nyumbani kwao na majambazi. Aliishi Vienna, akahamia Paris, akachezea timu ya Polandi ingawa Kipolandi hakukijua. Mwaka 1939 alikuwa na timu hiyo huko Buenos Aires, kwenye mashindano ya mataifa, wakati habari ilipofika kwamba Ujerumani imeivamia Polandi. Wachezaji wengi waliamua kutorudi. Tartakower alirudi Ulaya akajiunga na jeshi la jenerali de Gaulle, kwa jina la bandia la Luteni Cartier.

Mwenzake katika timu ile, Miguel Najdorf, alibaki Argentina. Mke wake, mtoto wake, wazazi na ndugu zake walikuwa Polandi. Akatafuta njia ya kuwapelekea habari kwamba yu hai, katika dunia ambayo posta ilikuwa imekufa. Njia aliyoipata ni ya ajabu: kufanya jambo kubwa mno kwenye ubao, ili magazeti ya dunia nzima yaandike jina lake na mtu wa kwao alione. Mwaka 1947, São Paulo, Brazili, alicheza na watu 45 kwa wakati mmoja bila kutazama ubao hata mmoja, kila mchezo akiushika kichwani. Magazeti yaliandika. Hakupata jibu. Karibu wote walikuwa wameuawa na Wanazi.

Familia ambazo zimewahi kusoma majina ya watu redioni, zikisubiri kusikia jina moja tu, hazihitaji maelezo zaidi.

Mchezo maarufu kuliko yote ya mwanzo huu ulichezwa Reykjavik, Iceland, tarehe 23 Julai 1972. Bobby Fischer wa Marekani alikuwa akigombea ubingwa na Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti, na nchi mbili zenye mabomu ya nyuklia zilikuwa zimekaa nyuma yao. Fischer alijulikana kwa jambo moja: karibu siku zote alianza na askari wa mfalme, na aliwahi kusema wazi kwamba huo ndio mwanzo bora. Warusi walijiandaa kwa hilo. Katika mchezo wa 6 alisogeza askari mwingine, na baada ya hatua chache, ukumbi ukaona kwamba iliyoko mezani ni gambi ya malkia iliyokataliwa. Spassky akajibu kwa ile dawa ya Tartakower, silaha yake ya kuaminika. Fischer alimbana polepole, akafunga njia za pembeni, kisha akamvunja mfalme wake kwa minara. Mchezo ulipokwisha watu walishangilia, na Spassky mwenyewe, aliyeshindwa, akapiga makofi pamoja nao. Baadaye Karpov na Kasparov walirudia mwanzo huu mara nyingi katika mashindano yao ya Moscow ya 1984 na 1985, lakini makofi ya Spassky ndiyo watu wanayakumbuka.

Kwa wasiocheza, jina hili lilifika mwaka 2020, mwezi Oktoba, dunia ikiwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Filamu ya mfululizo ya Netflix, iliyotokana na riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1983, ilisimulia habari za msichana yatima anayejifunza sataranji kwa mfagiaji wa nyumba ya mayatima. Kampuni ilitangaza kwamba nyumba milioni 62 ziliitazama katika siku 28 za kwanza. Hadithi ni ya kubuni, na katika mchezo wa mwisho msichana huyo anafungua kwa askari wa malkia. Uganda, jirani yetu, ilikuwa na hadithi ya kweli tayari: Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa maskini Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende na kufika kwenye mashindano ya mataifa. Filamu juu yake ilitoka 2016.

Na katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambako Wakongo wengi wanaishi pamoja na Wasudani Kusini na Wasomali, shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilianza mwaka 2021, pamoja na shirika la UNHCR, mpango wa kuwafundisha wasichana wakimbizi mchezo huu. Gharama ni ndogo. Ubao unaweza kuchorwa kwenye karatoni, na kete zinaweza kuwa vifuniko vya chupa vyenye alama. Ukishajua sheria, hakuna anayeweza kukuomba kitambulisho ili ucheze.

Kwa anayetaka kuanza leo, kuna mtego mmoja unaofaa kujulikana, kwa kuwa safari hii anayenaswa ni mwenye kupiga ngwala. Weupe wameanza d4, Weusi d5, Weupe c4, Weusi wamekataa kwa e6. Weupe wanatoa farasi wa kushoto (c3), Weusi wanatoa farasi wa upande wa mfalme (f6). Askofu mweupe anakwenda g5, na farasi huyo hawezi tena kuondoka, maana nyuma yake kuna malkia. Weusi wanaleta farasi wa pili d7. Weupe wanakula askari pale d5, Weusi wanakula tena kwa askari. Sasa Weupe wanaona askari wa bure: yule wa d5 analindwa na farasi aliyebanwa tu. Wanamla kwa farasi wao. Weusi wanamla farasi huyo bila woga na kumwachia malkia wao aliwe. Askofu mweupe anamla malkia. Ndipo askofu wa Weusi anaruka hadi b4 na kumgonga mfalme, na Weupe hawana la kufanya ila kuweka malkia wao katikati, aliwe naye. Hesabu ikimalizika, Weusi wamezidi farasi mzima kwa askari mmoja. Unaitwa mtego wa tembo. Mmoja wa walionaswa humo mapema kabisa ni Karl Mayet, mbele ya Daniel Harrwitz, mjini Berlin mwaka 1848.